Kirusi kinafutwa leo, kesho kimerudi

Swali: "Habari za kazi kaka. Nina steshenari Morogoro, kompyuta tatu. Tunachapa, tunaskani, tunawajazia wanafunzi maombi ya mkopo na watu wengine maombi ya ajira. Tangu mwezi uliopita kompyuta kubwa, yenye Windows 10, kila asubuhi Defender, ile antivairasi ya Windows, inaleta ujumbe kwamba imekuta Backdoor:MSIL/Bladabindi na imeiondoa. Kesho yake ujumbe uleule. Flashi za wateja zikichomekwa, mafolda yote yanageuka shotikati. Juzi jioni nimeona kwa macho yangu mshale unatembea wenyewe, mausi sijaigusa. Fundi wa kwanza aliformati, baada ya wiki hali ikawa ileile. Wa pili anasema kirusi kimeingia kwenye mazabodi, ninunue kompyuta nyingine. Ni kweli? Na mafaili ya wateja nitayaokoaje?"

Jibu: Salama dada, na pole kwa usumbufu. Kompyuta mpya usinunue. Ila kabla hujasoma mstari unaofuata, nenda kachomoe waya wa intaneti kwenye hiyo kompyuta kubwa. Kama inatumia Wi-Fi, izime. Kama ni modemu ya laini, itoe kabisa. Usiseme "ngoja nimalizie kutuma hii moja tu". Nitakusubiri.

Haraka yote hiyo ni kwa ajili ya ule mshale. Mausi yenye uchafu kwenye jicho lake nayo huweza kutembeza mshale, na ungeniambia hilo peke yake ningekwambia ipanguse. Lakini mshale unaotembea kwenye kompyuta ambayo Defender inaitaja Bladabindi kila asubuhi ni habari nyingine. Hapo hesabu kwamba kuna mtu.

Jina lenyewe lisome kama unavyosoma namba ya gari. Backdoor ni aina: mlango wa nyuma, yaani programu ambayo kazi yake ni kumwingiza mtu wa nje bila kupitia nywila yako. MSIL inaonyesha imetengenezwa kwa teknolojia ipi, ile ya .NET ya Microsoft. Bladabindi ndio ukoo. Nje ya Microsoft ukoo huu unaitwa njRAT, na umekuwa ukizunguka tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010. Wala usidhani unahitaji jasusi. Kifaa cha kuutengenezea kimesambaa bure siku nyingi: kijana asiyejua kuandika hata mstari mmoja wa programu anajaza anwani yake, anachagua jina la faili, anabonyeza kitufe, kirusi hicho. Kikishakaa kwako, yeye anaona kioo chako, anasogeza mshale, anachukua na kupachika mafaili, anawasha kamera, anasoma kila herufi inayobonyezwa kwenye kibodi na kuchota nywila ulizozihifadhi kwenye kivinjari.

Huenda unajiuliza anapitaje wakati mna rauta na ukuta wa moto umewashwa. Anapita kwa sababu haingii. Kirusi ndicho kinachotoka kwenda kumwita. Mlinzi wa geti humhoji anayeingia, anayetoka humpungia mkono, na rauta nyingi zinafanya kazi kwa desturi hiyohiyo. Programu ya ndani ikianzisha mazungumzo na nje, majibu yanaruhusiwa kurudi. Mwenye kirusi anachohitaji ni anwani tu ya kupigiwa. Miaka ile wengi wao walitumia majina ya bure ya huduma ya No-IP, ambayo humfuata mtu hata anwani yake ya intaneti ikibadilika. Juni 2014 Microsoft ilipata amri ya mahakama huko Marekani ikayachukua majina hayo kwa mkupuo ili kuikata Bladabindi na kirusi mwenzake, Jenxcus. Wateja wengi wa No-IP wasio na hatia nao wakakatikiwa huduma, kelele zikawa kubwa, na baada ya muda mfupi pande mbili zikapatana. Kirusi chenyewe, kama unavyoona dukani kwako, hakikufa.

Huyo Jenxcus mkumbuke, maana ndiye ninayemshuku kwa habari ya shotikati.

Flashi ya mteja ikichomekwa kwenye kompyuta yako, hati ndogo yenye mwisho wa .vbs inajinakili humo. Kisha inayaficha mafolda halisi na kuweka shotikati zenye majina yaleyale na picha ileile ya folda. Mteja akifika kwake anabofya "CV yangu". Shotikati inafanya mambo mawili kwa mpigo: inaendesha ile hati kupitia wscript.exe, programu halali kabisa ya Windows, halafu inafungua folda halisi. Yeye anaona CV yake, anaendelea na kazi, na kompyuta yake tayari imekula. Bofya shotikati moja kwa kitufe cha kulia, ingia Properties, usome kwenye Target. Mahali ambapo ungetegemea jina la folda utakuta neno wscript au cmd likifuatiwa na msururu mrefu. Soma tu, usiibofye.

Kwa hiyo Defender haikudanganyi inaposema imefuta. Inafuta kweli. Inachofuta ni ile programu ya mlango wa nyuma, ambayo kwa kawaida hujiweka ndani ya AppData au Temp ikiwa na jina la kuzugia kama server.exe au svchost.exe. Kinachoileta upya ndicho kinachobaki, na ndicho cha kutafuta. Mtu wa steshenari ana washukiwa wawili wakubwa.

Wa kwanza ni flashi, na hapa naomba niungame. Kuna ofisi nilisafisha kompyuta yake mara tatu. Nasafisha, naondoka, baada ya siku mbili simu inaita. Mara ya nne ndipo nilipokagua flashi niliyokuwa nabebea programu za kusafishia. Ilikuwa flashi yangu! Nilikuwa napeleka dawa na ugonjwa kwenye mfuko mmoja. Tangu siku hiyo nabeba flashi yenye swichi ya kuzuia kuandikwa. Zipo, ingawa kuzipata inabidi uzunguke maduka.

Mshukiwa wa pili ni yule fundi wa kwanza, tena bila nia mbaya. Muulize alipiga Windows kutoka wapi. Kama ni ile iliyokwisha kuchakachuliwa, inayokuja na Office ndani na kijiprogramu cha kuamsha leseni, basi alikufungia kirusi pamoja na vitasa vipya. Vijiprogramu vya namna hiyo hukuambia kwanza uzime antivairasi "kwa sababu inakosea", na vingi hujiandikisha kwenye orodha ya vitu ambavyo Defender haitakiwi kuvigusa. Hakikisha mwenyewe: fungua Windows Security, ingia Virus & threat protection, kisha Manage settings, teremka hadi Exclusions. Kwenye kompyuta ya duka orodha hiyo inapaswa kuwa tupu. Ukikuta folda humo, au mbaya zaidi ukikuta C:\ yote, umeshapata jibu la nusu ya barua yako.

Turudi mezani. Wakati kompyuta kubwa haina intaneti, chukua simu yako uanze na nywila. Barua pepe iwe ya kwanza, kwa kuwa ndiyo inayorudisha nywila nyingine zote. Badilisha, washa uthibitisho wa hatua mbili, halafu tafuta sehemu ya vifaa vilivyoingia kwenye akaunti uviondoe vyote. Hilo la mwisho watu hulisahau: aliyeiba kibali cha kivinjari, kile kinachokuweka ndani bila kuandika nywila upya, hubaki ndani hata nywila ikibadilika, mpaka umtoe. Baada ya barua pepe fuata benki, kodi, na akaunti yoyote uliyowahi kuifungua kwenye kompyuta ile. Zote hizo zifanye kwenye simu. Nywila mpya ukiiandika kwenye kompyuta yenye kirusi, umeikabidhi.

Sasa tumtafute. Hapa naandika kwa ajili yako na kwa fundi utakayemwita, ili asikutoze kwa kuwasha na kuzima tu. Fungua dirisha jeusi la amri kama msimamizi, andika netstat -ano. Itakuja orodha ya mazungumzo ya kompyuta na mitandao mingine, kila mstari ukiishia na namba. Kwa kuwa umechomoa intaneti, hutaona yaliyokamilika, lakini kirusi kitaendelea kujaribu kupiga simu, na mstari wa kujaribu huandikwa SYN_SENT pale jaribio linapoonekana. Toleo la njRAT ambalo mwenyewe hakulibadilisha hutumia lango (port) 1177 au 5552, japo wengi hubadilisha. Chukua ile namba ya mwisho wa mstari, tuseme 4312, uitafute kwenye Task Manager upande wa Details. Bofya kulia, Open file location. svchost.exe ya kweli inakaa C:\Windows\System32. Inayokaa ndani ya folda ya mtumiaji ni mgeni aliyevaa sare.

Usikimbilie kuiua. Baadhi ya matoleo hujifunga na Windows kiasi kwamba ukiiua unapata kioo cha bluu, kompyuta inajizima, na ikiwaka kirusi kinawaka nayo. Anza na vinavyoiwasha.

Kifaa ninachokiamini kwa hilo ni Autoruns, cha bure, cha Sysinternals ambayo ni ya Microsoft yenyewe. Kipakue kwenye kompyuta nyingine safi. Kinakuonyesha kila kitu kinachojianzisha: rejista (daftari la mipangilio ya Windows), folda ya Startup, kazi zilizopangiwa saa, huduma, hata zile kona ambazo Task Manager haizigusi. Washa chaguo la kuficha vitu vya Microsoft, orodha itapungua hadi isomeke. Macho yako yatafute mambo ya namna hii: kipengele ambacho jina lake ni herufi na tarakimu 32 zisizo na maana, tabia ya njRAT, njia inayopita AppData au Temp, wscript.exe ikifuatiwa na jina la faili la .vbs, kazi inayojiita "update" na hakuna kampuni iliyoitia sahihi. Ondoa alama ya tiki kwanza, usifute. Ukikosea, kurudisha tiki ni rahisi kuliko kufufua kilichofutwa.

Baada ya hapo washa Windows kwa Safe Mode, ambako vipengele vya kawaida vya kujianzisha haviendeshwi, ndipo ufute mafaili yenyewe. Maliza na Microsoft Defender Offline, iliyo kwenye Scan options. Kompyuta inajizima na kuwaka nje ya Windows ya kawaida, inakagua kama robo saa, kirusi kikiwa bado kimelala. Windows ikirudi, angalia pia kama kuna akaunti ya mtumiaji usiyoijua, kwa amri net user, kama ukuta wa moto una ruhusa ya programu ngeni, na kama kuna programu ya kuongozea kompyuta kwa mbali iliyowekwa na fundi fulani ikaachwa wazi.

Nimekueleza hayo ili ujue jinsi adui anavyokaa. Lakini kwa kompyuta yako wewe, mimi ningeformati. Mlango wa nyuma si kama kirusi kinachoharibu mafaili, ambacho ukikitoa kimetoka. Huu ulikuwa mikononi mwa mtu kwa mwezi mzima, na mtu anaweza kuweka kitu cha pili na cha tatu ambacho hakina jina kwenye orodha ya Defender. Kusafisha hukuondolea ulichokiona tu. Kompyuta ya mtoto ya michezo ningeisafisha. Ya duka, inayopitiwa na namba za NIDA na nywila za watu, hapana.

Mafaili ya wateja yataokoka. Kwenye flashi zilizofichwa andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* (weka herufi ya flashi yako mahali pa E) na mafolda halisi yatajitokeza. Shotikati na hati za .vbs uzifute. Kwenye diski ya kompyuta nakili hati, picha na PDF peke yake. Acha chochote kinachoishia na exe, scr, vbs, js, bat, au lnk, hata kama kinaitwa "Office 2019 full". Kabla ya kunakili, nenda View kwenye File Explorer uweke tiki kwenye File name extensions, kwa sababu "Barua.pdf.exe" bila tiki hiyo huonekana "Barua.pdf". Vikishahamia kwenye diski ya nje, vikague kwa kompyuta nyingine kabla ya kuvirudisha.

Kuformati kwenyewe kuna mtego mmoja. Chukua faili la kusimika kutoka Microsoft moja kwa moja, ulitengenezee flashi kwenye kompyuta safi, na wakati wa kusimika futa sehemu zote za diski, si C peke yake. Fundi akikuachia D "ili usipoteze vitu", ameacha mbegu shambani. Windows 10 nayo ilikoma kupata msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo kama mashine inakubali 11, weka 11. Leseni ikikushinda, sikushauri urudi kwa kriki, vile vijiprogramu vya kuamsha leseni: weka Linux Mint badala ya Windows na LibreOffice badala ya Office, zote bure, na kazi nyingi za steshenari zinakwenda. Vijana wako watalalamika wiki ya kwanza.

Kuhusu mazabodi: virusi vinavyokaa humo vipo kweli. Mwaka 2018 watafiti wa kampuni ya antivairasi ya ESET walieleza LoJax, kilichojificha kwenye UEFI, programu ya kuwashia kompyuta iliyo ndani ya mazabodi, na kustahimili kuformati na hata kubadilishwa diski. Lakini kilihusishwa na kundi la wadukuzi la Sednit, na shabaha yake ilikuwa taasisi za serikali huko Balkani na Ulaya ya kati na mashariki. Mtu mwenye silaha ya aina hiyo haitumii kwenye steshenari Morogoro. Kilichorudi kwako kilirudi na flashi au na Windows ya kuchakachuliwa. Fundi wako wa pili labda anauza kompyuta.

Nisikupe picha kwamba programu halali haziguswi. Mwaka 2020 iligundulika kwamba masasisho ya Orion, programu ya kusimamia mitandao ya kampuni ya SolarWinds, yenye sahihi halali kabisa, yalikuwa na mlango wa nyuma. Wateja kama 18,000 walipakua matoleo hayo, na kirusi kilikuwa kinalala hadi wiki mbili kabla ya kuanza kazi. Machi 2024 mhandisi Andres Freund alishangaa kwa nini kuingia kwenye mashine yake kwa SSH, njia ya kuingia kompyuta kwa mbali, kunachelewa kama nusu sekunde. Akafukua, akakuta mlango wa nyuma ndani ya XZ Utils, programu ya kubana mafaili, matoleo 5.6.0 na 5.6.1, kabla haujasambaa kwenye seva nyingi za Linux. Nusu sekunde! Sisi kompyuta ikichelewa dakika tano tunasema imezeeka.

Lipo jambo ambalo hukuliuliza. Kwa mwezi mzima wanafunzi wamekaa kwenye kiti kile wakiandika nywila za mkopo, na watu wazima nywila za ajira. Waambie. Bandika karatasi mlangoni, na wale wenye namba zao kwenye daftari lako watumie ujumbe: aliyetumia kompyuta kubwa tangu tarehe fulani abadilishe nywila zake kwa simu yake. Najua unaogopa wateja kukimbia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtazama yeyote anayeshika taarifa za watu, na wewe unazishika nyingi. Ukiona pesa imegusika au mtu ametishiwa kwa picha zake, nenda polisi na uwapelekee picha za kioo zenye jina la kirusi na tarehe. Kuingilia kompyuta ya mtu ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Ndiyo sababu nyingine ya kupiga picha kabla ya kuformati.

Kwa siku za mbele, tenga ile kompyuta ndogo kuliko zote iwe ya kupokelea flashi. Iwekee Linux, iunganishe na printa, isiwe na akaunti ya mtu yeyote. Hati za .vbs hazina pa kuendeshwa humo. Ukichomeka flashi unaona mafolda yaliyofichwa, shotikati na uchafu wote mchana kweupe. Anayetaka kutuma kwa barua pepe au WhatsApp atume, lakini flashi isivuke kwenda kompyuta kubwa. Kwenye hizo nyingine za Windows, wafanyakazi watumie akaunti ya kawaida, ya msimamizi ubaki nayo wewe.

Ukimaliza yote hayo, jina la Bladabindi litaonekana tena. Flashi za mji mzima zinapita kwako, na siku moja mtu atasahau aichomeke kwenye Windows. Usishtuke mara moja. Fungua Protection history, bofya tukio, usome njia ya faili. Ikianza na E:\ au F:\, imekamatwa ikiwa bado kwenye flashi ya mteja: mrudishie flashi yake, mwambie, endelea na kazi. Ikianza na C:\Users, chomoa intaneti uniandikie siku hiyohiyo.